Mkoba wa Paris Ulioshonwa Mahabibo

Mwanangu Echata,

Mimi ndiye niliyeandika lile jina la Kifaransa lililo ndani ya mkoba wako wa harusi. Sijapata kumwambia mtu. Hakuliandika Mzungu, wala halikutoka kwenye mashine ya Paris. Niliandika mimi, kwa penseli ya shule, juu ya meza ya Fundi Abdu hapa hapa Mahabibo, nikiwa nimetoa ulimi kidogo kando ya mdomo kama ninavyofanya ninapokuwa makini. Sonara akaufuata mwandiko wangu, akachonga muhuri wa shaba. Fundi akaupasha moto muhuri ule, akaugandamiza kwenye ngozi, likatoka jina ambalo wanawake wa mji huu hulitamka kwa kubinua midomo kama wanaopoza chai.

Najua umeshacheka kwa kuwa nimekuita mwanangu. Nimekutangulia kuzaliwa kwa Ramadhani moja tu. Tumelala mkeka mmoja na tumechapwa na mwalimu mmoja wa chuoni. Lakini mama yako ni dada yangu wa tumbo moja, na tangu utotoni umeniita Mama Mtiti, mama yako mdogo, mbele za watu na "wewe Halima" tukiwa peke yetu. Usiku huu ninaandika kama Mama Mtiti. Habari za chumvi, mafuta ya taa na namna ya kumwamkia mama mkwe umekwisha kuambiwa, na zile nyingine umeambiwa na kungwi huku mimi nimetolewa nje kwa kuwa sijaolewa. Huko sina la kuongeza. Nina hili la mkoba tu.

Ninaandika kwa Kiswahili, lugha ya vitabu vya marehemu babu yako, aliyotusomesha sote wawili mkekani. Shuleni tuna Kifaransa, sokoni Kimalagasi, nyumbani Kingazija chetu; hiki kimebaki cha karatasini. Mama yako hawezi kukisoma, na huko Dzamandzar, katika kisiwa cha Nosy Be unakoolewa, watakaoweza ni wachache. Nataka uwe wewe wa kuamua nani ajue.

Kumbuka mwaka ule bendera mpya ilipopandishwa, Wazungu wengi wakawa wanafunga mizigo. Alikuwepo Madamu mmoja, mke wa bwana mmoja wa forodha, aliyekuwa na mkoba mweusi uliokatika mshikio. Akamtuma Bi Zalihata, mpiga pasi wake, aupeleke kwa Fundi Abdu ukashonwe. Fundi aliushona. Kabla ya kuushona aliufumua wote, akaulaza vipande vipande juu ya karatasi kama samaki aliyepasuliwa, akachora kila kipande, kisha akaurudisha kama ulivyokuwa. Madamu hakujua. Bi Zalihata naye hakujua.

Sitaki umwone Fundi Abdu kuwa mwizi tangu siku ya kwanza. Unaijua mikoba yake ya nyuzi za rafia na makubadhi yake. Alikuwa akiweka alama yake mwenyewe, nyota ndogo, kwenye kona ya ndani. Wanawake walikuwa wakiingia, wakigeuza mkoba, wakiiona ile nyota, kisha wakisema, "Mzuri, lakini si kazi ya hapa hapa tu?" Wakitoka. Siku ile nilikuwa nimempelekea mama yako chakula, maana tayari alikuwa akimshonea Fundi, na nikamsikia Fundi akisema, "Miaka yote nimeshona kwa jina langu, hawanunui. Haya, tushone kwa jina lao."

Kisha akanigeukia mimi. "Binti yetu msomi, mwandiko wako umenyooka. Unaweza kuyafuata maandishi haya bila kukosea?"

Hapo ndipo nilipoanguka, Echata, na nilianguka kwa kusifiwa. Unanijua. Mwalimu akinitaka nisome mbele ya darasa, sauti yangu hujificha, wenzangu hucheka. Kwenye karatasi peke yake ndiko ninakokuwa mtu. Fundi aliposema "mwandiko wako umenyooka", na mama yako akainua uso kutoka kwenye sindano akanitazama kwa fahari, ningeandika hata jina la shetani. Sikujiuliza kitu. Nilijiambia ni herufi tu. Kamusi yangu kubwa, ile unayoniambia ni mto wa kulalia, ilitoka kwenye ujira wa herufi zile. Viatu vyangu vya shule pia.

Nataka ujue mikoba ile iligharimu nini ndani ya chumba, kwa sababu hakuna aliyeona. Ili watu wasije wakapita wakatazama, mlango ulifungwa na dirisha likafungwa. Gundi yenyewe ni ile ya kuzibia mipira ya baiskeli, na ngozi ni ya ng'ombe wetu hawa wenye nundu, iliyopakwa rangi mpaka ikang'aa. Mama yako alikaa humo kutwa. Unakumbuka ulivyokuwa ukimcheka kwamba wali unaungua mbele yake, anaendelea kuzungumza? Tulicheka sote wawili. Hasikii harufu, Echata. Hasikii tangu mwaka ule. Siku hizi hata akifukiza nguo humwuliza jirani kama udi umeshakolea. Hajatuambia, nami sikumwuliza, kwa maana ningemwuliza ningelazimika kujua.

Kwa kuwa ngozi ile hunuka ng'ombe ikipata unyevu, Fundi aliagiza mafuta ya langilangi kutoka Nosy Be, na mama yako akapewa kazi ya kuyapaka kwenye bitana. Hawezi kupima kwa pua. Ndiyo maana mkoba wako unanukia hata sanduku likiwa limefungwa.

Aliyeiuza mikoba hakuwa Fundi. Alikuwepo mhudumu mmoja wa meli, kijana wa maneno mengi, aliyechukua mikoba michache kila safari na kuiuza bandarini, huku na kule pwani, akisema imetoka Paris na yeye ameipenyeza. Watu humwamini baharia. Kitu kilichopenyezwa hakiulizwi karatasi.

Sasa nikuambie la Bi Zalihata, nusu ambayo huijui.

Wewe unamkumbuka kabla. Hakuna sanduku la harusi lililofunguliwa Mahabibo bila yeye. Alijitanda shiromani yake, ile shuka ya shughuli, akapiga goti, akaingiza mikono yote miwili, akainua kitu kimoja kimoja mpaka wa mlangoni wakaona: kanzu, viatu, marashi, dhahabu. Alikitaja kwa jina na kwa dua. Mikono ile ilikuwa ya amana. Kama bwana harusi alileta viatu vilivyokwisha kuvaliwa, Bi Zalihata aliviinua kwa namna ambayo viatu vilipona. Na kitu alichokwisha kukiinua, vigelegele vikapigwa, hakuna aliyethubutu kukirudia kwa maneno. Kimepita.

Alipouona bandarini mkoba mweusi ulio sawasawa na ule wa Madamu, ule alioubeba kwa mikono yake mwenyewe kwenda kwa fundi, alidhani Mungu amemwonea huruma. Aliununua kwa alichokuwa akikiweka kando. Siku ya Idi alitembea nao ufukweni alasiri, na motokaa ya Madamu ikapita.

Madamu alikuwa amekwisha kufunga mkoba wake katika mizigo iliyotangulia Ufaransa, hakuwa na wa kulinganisha. Alichokiona ni mpiga pasi wake akitembea na mkoba wake. Kesho yake Bi Zalihata alifukuzwa bila cheti cha tabia njema, na polisi wawili wakaja nyumbani kwake mbele ya majirani wakauchukua mkoba. "Nimenunua kwa baharia," alisema. Mmoja wao akacheka: "Bibi, kila mwizi wa mji huu ana baharia wake." Hawakumfunga, kwa kuwa hapakuwa na ushahidi. Lakini jina lake liliandikwa pale kituoni, na tangu hapo hakuna nyumba yenye mishahara iliyompokea.

Angalia alivyonaswa. Kama mkoba ni wa kweli, yeye ni mwizi. Kama ni wa bandia, angesalimika. Lakini yeye mwenyewe aliamini ni wa kweli, akawa anautetea. Alikuwa akiapa ni wa Paris, na kila kiapo kilikuwa kikimfunga zaidi.

Na tuliojua kwamba ule wa Madamu ulinakiliwa tulikuwa watatu: Fundi, mama yako na mimi.

Alikuja kwangu. Hili ndilo lililonifanya nisilale tangu siku yako ya sanduku. Alikuja nyumbani, nikiwa peke yangu na vitabu, akakaa chini mkekani ingawa nilimletea kiti. Akasema, "Halima, wewe ndiye unayeyajua maneno yao. Niandikie. Mwambie Madamu mkono wangu haujapata kuingia katika sanduku la mtu ila kwa kuambiwa ingiza."

Nikaandika. Niliandika vizuri, Echata, na hilo ndilo linalonichoma. Nilitafuta maneno katika kamusi iliyotoka kwenye mikoba. Nilimwita Madamu kwa heshima zote, nikaeleza uaminifu wa miaka, nikaweka sentensi ndefu zilizosimama zenyewe. Kila neno lilikuwa kweli, na neno moja lililohitajika sikulitia. Kwa mkono ule ule uliochora herufi. Bi Zalihata hakujua kusoma, aliitazama karatasi akaniambia, "Mungu avibariki vidole vyako."

Madamu hakujibu. Alisafiri. Nadhani alifika kwao, akafungua mizigo, akaukuta mkoba wake. Huenda aliushika mkononi akakaa kidogo. Hakuna barua iliyokuja.

Mimi nilijiambia mambo mengi. Kwamba nikisema, mama yako atakamatwa, na wewe utabaki na nani. Kwamba mimi ni mtoto. Ukweli ni kwamba niliogopa kusimama mbele ya watu nikasikika sauti. Mtu mwenye haya huonekana mpole, Echata, na watu humsifu kwa upole wake. Usidanganywe na upole wa namna hiyo. Wangu ulimla mtu.

Basi Bi Zalihata akaanza kukaanga mofo, vile vitumbua vya mchele, pale njia panda. Unanunua kwake kila asubuhi, na mimi pia. Hakuna tena aliyemwita kwenye sanduku. Hawakumwambia chochote. Walimtafuta mwingine tu.

Tuje kwenye siku yako. Ulikuwa ndani, umefunikwa, kwa hiyo ulisikia tu. Mimi nilikuwa kando ya mama yako, mstari wa mbele. Watu wa mume wamejaa upande wa dirisha, na Bi Hadija, shangazi wa mumeo Salimu, amekaa katikati yao kama mlingoti. Vilianza kuinuliwa vitu.

"Inua juu! Sisi wa nyuma si watu?"

"Nosy Be leo wamemwaga sukari yao yote!"

"Subirini," akasema Bi Hadija, "hamjaona."

Ukatoka mkoba. Mweusi, kifungo cha shaba, unang'aa. Bi Hadija akasimama kabisa. "Paris hiyo, mabibi. Fungua ndani, wasome wanaosoma. Si rafia ya Mahabibo!"

Wakacheka. Mmoja akasema, "Mkoba huu haukushonwa, umezaliwa!"

Mimi nilikuwa nikiitazama kona ya chini, pale uzi unaporudishwa mara mbili na kuvutwa kushoto. Hakuna mtu mwingine hapa duniani anayemaliza uzi hivyo ila mama yako. Nilimtazama. Uso wake ulikuwa umekauka. Mkoba alioshona akiwa amefungiwa mlango ulikuwa umepanda meli, umeuzwa Nosy Be, na umerudi kumposa binti yake.

Akanifinya paja. "Piga."

"Nini?"

"Kigelegele, Halima. Piga!"

Nikapiga. Ng'ambo ya njia Bi Zalihata alikuwa akigeuza mofo zake. Nilimwona mlangoni kati ya mabega ya watu. Aliinua kichwa aliposikia, akakiinamisha.

Sasa unaona ulikosimama. Kitu kimekwisha kuinuliwa; hakirudi. Kesho ukishuka Nosy Be, desturi inakutaka uingie kwa wakwe na mkoba huo mkononi. Masika yatakuja na mkoba utanuka ng'ombe. Nilikwenda Dzamandzar na babu yako nilipokuwa mdogo. Masizi ya kiwanda cha sukari huanguka juu ya kila nguo iliyoanikwa, na mvua za huko hazina adabu. Tena watu wa huko wamelala na kuamka katika mashamba ya langilangi. Watainusa bitana yako wakaitambua kabla hujakaa. Kisha wataulizana: nani aliyebadilisha? Wanajua mama yako humshonea nani. Watasema mkoba wa kweli uliingia Mahabibo na wa bandia ukatoka. Nawe utakuwa peke yako katikati ya nyumba ya watu, unaapa. Na wake wa Wazungu wa kiwandani wapo vilevile, na wao wana mikoba. Nimemwona mtu mmoja akinaswa hivyo. Sikubali kumwona wa pili, hasa huyo wa pili akiwa wewe.

Sikuambii uutupe. Salimu alitoa kilicho chake akidhani anakupa kizuri, na hilo halikughushiwa na mtu. Sikuambii umwambie usiku wa kwanza, wala usimwambie. Mimi si mtu wa kufundisha wengine wakati wa kusema. Ninalolijua ni dogo: tangu niliponyamaza, kila kitu kizuri kwangu kimekuwa na mlango uliofungwa nyuma yake. Nikishika kamusi, nasikia ile gundi. Nikisifiwa mwandiko, natazama chini. Bi Zalihata akinichagulia mofo la moto, siwezi kulimeza njiani, nampa kuku. Sikuibiwa wala sikupigwa. Ila sikupata tena kukaa mahali nikiwa mzima.

Na la mama yako: usimhukumu kwa barua yangu. Alishona ili wewe usishone. Ukikasirika, anza kukasirika na mimi, maana mimi nilikuwa nikisoma vitabu vinavyoeleza haki na batili, na nilipata alama nzuri.

Adhana ya alfajiri imesikika. Naweka kalamu.

Echata, ninaendelea hapa kwa penseli, na si nyumbani. Nikueleze niliyoyafanya tangu nilipoacha, kwa kuwa ulisikia kelele ukiwa ndani ukaambiwa ni kuku.

Baada ya kusali nilikwenda jikoni. Mama yako alikuwa akipuliza makaa. Nikamwambia nitakwenda kwa Bi Zalihata, kisha polisi.

Akasema bila kugeuka, "Siku anayoondoka mwanangu ndiyo uliyochagua kunifunga?"

"Mwanetu."

"Usinifundishe ukoo, Halima!" Ndipo sufuria ikaanguka, ndicho ulichokisikia. Akanizaba kofi moja. Kisha akakaa juu ya kibao cha mbuzi, akajishika kichwa, akakaa hivyo mpaka makaa yakaanza kuzima. Niliposema nitataja jina langu peke yangu, aliinua uso. "Utasema nini? Kwamba wewe ndiye uliyeshona? Hujui hata kutia uzi kwenye sindano. Ukisema, sema mkono ni wangu. Nami Echata akishaondoka nitakuja." Akarudi kupuliza makaa.

Kisha nilikwenda nyumba ya jirani alikofikia Bi Hadija. Nilimkuta anasuka nywele. Nikasema yote: herufi, ngozi, baharia. Alinisikiliza akiwa na kitana mkononi. Halafu akachekea puani.

"Mtoto wewe. Mimi nimezaliwa katika langilangi. Paris gani hiyo inayonuka shamba la kwetu?"

"Ulijua?"

"Nilijua kabla sijamlipa yule baharia. Salimu hakuwa na cha kununulia wa kweli, na ndugu zangu walishatangaza kijiji kizima kwamba sanduku litakuwa na Paris. Ungefanyaje wewe?" Akakiweka kitana chini. "Na ninyi mlijua, mkapiga vigelegele."

"Tulipiga."

"Basi tumekuwa wajinga sawa." Akaendelea kusuka. Amesema kwamba mbele ya wakwe zako yeye ndiye atakayejibu habari ya mkoba, maana yeye ndiye aliyenunua, na hatakubali mtu aseme umebadilishwa Mahabibo. Ameniomba nisimwambie Salimu kwamba alijua. Yeye simwambii, nakuambia wewe. Ukiwa na shida huko, kaa karibu naye. Ni mkali, ila hana haja tena ya kukuficha kitu.

Mwisho nilikwenda njia panda. Bi Zalihata alinichagulia mofo kama kawaida, nikamwambia sikuja kununua. Nilisema nimesimama, na watu wawili walikuwa wakisubiri zamu yao, nao wakasikia. Nilipofika kwenye ile barua niliyomwandikia, aliondoa chungu motoni.

Sikuomba msamaha vizuri. Maneno niliyoyapanga yalipotea.

Alisema, "Mwaka mzima unapita hapa na vitabu vyako, unaniamkia."

"Ndiyo, Bi Zalihata."

"Na mimi nilikuwa nakupa za juu, za moto."

"Ndiyo."

Hakulia wala hakunipiga, na mimi nilitamani anipige. Alifuta mikono, akamwambia mmoja wa wale wateja amwangalizie chungu. Akanitazama miguu, akasema, "Umetoka na viatu vya nyumbani. Haidhuru. Tangulia, mimi nakuja nyuma yako, nisije nikakupoteza tena."

Tuko kituoni. Tumekaa kwenye benchi la ukumbini, yeye kule, mimi huku, katikati nafasi ya mtu mmoja. Karani amesema mkubwa wake hajafika na hajui atafika lini. Alipoona nina penseli na karatasi aliniambia niandike maelezo yangu, niyaache mezani, niende zangu. Nimemwambia sitaandika. Nitasubiri niseme kwa mdomo, na Bi Zalihata asikie kila neno.

Meli yako imepiga honi. Bi Zalihata amesema, bila kunitazama, "Nenda kamuage mtoto wako, urudi." Nimemwambia sitoki. Nikitoka nitaogopa kurudi, najijua. Kwa hiyo hutaniona bandarini, mwanangu, na usiwasikilize watakaosema nimechukia kwa kuwa umeolewa kabla yangu.

Nimemwona jirani yetu akipita na kapu lako la mikate kwenda bandarini, nimemwita kutoka dirishani kwa sauti mpaka karani ameshtuka. Amesimama. Ninaikunja barua hii, nampa mkononi, kisha ninarudi kukaa benchini.

Mama Mtiti wako,
Halima